Pima za Sahani Nyeupe

Tarehe 3, mwezi wa sita

Daftari hili ni langu. Aliyelikuta alirudishe alipolitoa, chini ya godoro, upande wa ukutani. Sina mazoea ya kuandika. Herufi nilijifunza nikiwa na ndevu, kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema kichwa changu kigumu lakini kikishika hakiachii. Alisema kweli.

Naandika kwa sababu ya ubishi. Binti yangu, kitinda mimba, anaongoza wageni kuzamia na mitungi ya hewa. Mumewe anashika ofisi. Mimi nachagua. Kila asubuhi naandika kwenye ubao wa mlangoni wataenda wapi na saa ngapi. Mahali ni patatu. Bustani ni karibu, kina kifupi, hata mtu aliyenunua miwani ya kuzamia jana hapotei. Ukuta uko mbali, mwamba umekatika wima, unaelea pale na chini hakuna chini. Mlango ni upenyo kati ya miamba miwili. Humo wanapita samaki wakubwa, na humo unapita mkondo. Bustani ni siku zote. Ukuta ni maji yakiwa safi. Mlango ni dakika thelathini kwa siku, maji yanapolala, na mwenye kuzijua dakika hizo ni mimi.

Sasa mkwe wangu amepata simu inayojua kila kitu. Nimempa jina la Simu na anaitika. Jana kaniambia, "Mzee, hii inaonyesha upepo, mawimbi, maji kujaa na kupwa, mpaka usafi wa maji. Si upumzike sasa?"

Nikamwambia, "Mimi nimezamia kabla baba yako hajaoa. Nimekata mnyororo wa meli chini ya gati, giza tupu, kwa msumeno wa mkono. Hiyo simu yako imelowa lini?"

Akacheka. Ana adabu, hilo sikatai. Tukakubaliana. Msimu huu mmoja, kila siku yeye aseme la simu, mimi niseme langu, wakirudi binti aseme maji yalikuwaje. Kinachokwenda ubaoni ni changu. Mwisho wa mwezi wa tisa tunahesabu. Aliyepatia zaidi ndiye mwenye ubao. Sina kazi nyingine ila ubao huo, kwa hiyo nimeona niandike kila kitu, asije mtu kunichezea hesabu.

Tarehe 4

Namna yangu ni hii. Nina sahani nyeupe ya bati ya mke wangu, nimeitoboa katikati, nimeifunga jiwe chini na kamba juu. Kamba ina fundo kila pima moja, pima ya mikono yangu mimi, na mikono yangu ni mirefu. Asubuhi nahodha ananipeleka kwa kidau mpaka kwenye boya. Nashusha sahani, nahesabu mafundo mpaka isionekane. Hizo ndizo pima za siku. Chini ya kumi, Bustani. Kumi na kuendelea, Ukuta. Mwaka jana mwezi wa nane ilifika kumi na nne.

Nahodha haruhusiwi kuchungulia. Watu wawili wakitazama maji, kila mmoja anaona lake na hesabu inavurugika. Anakaa na kasia lake anatazama pwani. Tunamwita Kobe kwa mwendo wake.

Leo pima tano. Mto bado unamwaga tope la masika.

Tarehe 5

Mvua. Hakuna kazi.

Tarehe 6

Mvua.

Tarehe 11

Pima nane. Bustani. Simu naye alisema Bustani. Hatukupata cha kubishania, siku ikawa ndefu.

Tarehe 16

Leo nimempiga Simu kama ngoma. Wageni walitaka Mlango. Yeye akasema, "Maji yanajaa saa nne kamili, Mzee. Saa nne maji yamelala."

Nikamwambia hiyo saa nne ni ya bandarini. Nyuma ya Mlango kuna ziwa la maji ya chumvi, na ziwa lile halijazi tumbo kwa saa ya bandari. Bandari ikishiba, lile bado linakunywa. Ongeza dakika arobaini. Nikaandika ubaoni saa nne na dakika arobaini, nikapigia mstari.

Waliporudi binti akasema, "Baba, tulifika mapema tukasubiri. Saa nne mkondo ulikuwa unavuta kamba ya nanga mpaka inalia. Saa nne na arobaini, kimya. Tuliona papa wawili."

Simu aliandika kitu kwenye simu yake. Mimi moja, yeye sifuri.

Tarehe 17

Pima tisa. Bustani.

Tarehe 25

Pima tisa tena. Mto umekuwa safi, naona watu wanafua, lakini bahari bado. Mimi sita, Simu mbili.

Tarehe 2, mwezi wa saba

Pima nane. Ajabu. Nimemuuliza Kobe kama kuna anayechimba mchanga huko juu ya mto. Akasema hajasikia. Huyo hasikii mpaka aambiwe mara tatu.

Tarehe 9

Daktari wa meno amekuja. Ni mama mmoja mgeni wetu wa miaka yote, anakuja na kamera yake ya chini ya maji kwenye sanduku kubwa kama la mirathi. Tunataniana. Akanikuta ubaoni akasema, "Babu, bado hujafa?"

"Nangoja nikung'oe wewe jino kwanza."

Nimemwandikia Bustani. Pima nane.

Tarehe 12

Daktari wa meno kaniambia, "Babu, siku ya nne hii Bustani. Samaki wa huko nimeshawapa majina, na wao wamenichoka."

Nikasema maji machafu. Akasema jana alimwona mwenzake kutoka mbali kama kutoka hapa mpaka kwenye choo cha jirani. Mtu anayeshinda akichungulia vinywa atajua nini habari ya mbali? Nimejipa alama. Mimi kumi na moja, Simu tatu.

Tarehe 13

Simu kasema alama ile si yangu. Nikamwambia mwenye daftari ni nani?

Tarehe 18

Pima saba. Nimeona dosari. Ni sahani. Imechakaa, imekuwa ya kijivu. Nimenunua rangi nyeupe, nimeipaka mara mbili nimeianika. Mke wangu kauliza, "Unapamba sahani, unaoa?"

Nikamwambia imepauka. Akaigeuza akaitazama juani. "Nyeupe hii imepauka wapi?" Wanawake wakipewa sahani wanaona ya kulia tu.

Tarehe 20

Rangi imekauka. Pima saba. Rangi za siku hizi hazina weupe.

Tarehe 27

Wageni wawili wamehamia kwa jirani, naye ana biashara kama yetu. Jirani anawapeleka Ukuta kila siku. Nikamwambia Simu jirani anachezea watu. Akasema, "Mzee, wanarudi wanafurahi."

"Mlevi naye anarudi anafurahi."

Binti alikuwa anasuuza mitungi. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba, mimi chini nimeona maji safi wiki hii. Hata Bustani." Nikamwambia yeye amezoea, mtu aliyezoea hupunguza macho. Akanitazama kidogo akaendelea kusuuza.

Leo hii hii nimegombana na mke wangu kwa sababu ya balbu ya sebuleni. Haina nguvu. Anasema ni ya juzi. Na daftari hili nalo, mistari wameichapa kwa wino wa maji. Nimeanza kuandika herufi kubwa, mstari mmoja nautumia kama miwili, ndiyo maana kurasa zinakwisha haraka.

Tarehe 4, mwezi wa nane

Pima sita.

Tarehe 5

Pima sita.

Tarehe 8

Pima sita, na hakuna wingu. Katika maisha yangu sijaona mwaka kama huu. Nimesema hivyo kwenye duka la vinywaji, wazee wenzangu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema bahari imezeeka. Nimeona ni neno la akili.

Tarehe 11

Simu ameweka karatasi yake pembeni ya ubao bila kuniuliza. "Ukuta. Maji safi sana." Nimeichana. Hakukasirika. Mchana kaweka nyingine. Nimeichana.

Tarehe 15

Pima tano. Bustani.

Tarehe 19

Naandika siku mbili baada ya jambo lenyewe.

Daktari wa meno alikuwa anaondoka kesho yake. Akaomba Mlango, mara moja tu, yeye na wageni wengine watatu, binti anaongoza. Simu ikasema maji yatajaa saa nne. Nikaandika saa nne na dakika arobaini. Mpaka hapo hakuna ubishi, hata Simu siku hizi anaongeza arobaini zangu.

Lakini sanduku la kamera lilikataa kufunga. Kuna mpira wa kuzuia maji, ulikuwa na unywele. Wakautoa, wakausafisha, wakaurudisha, ukakataa. Tukaondoka gatini saa tano na dakika tano. Simu akatufuata mpaka ukingoni. "Mzee, mtafika saa tano na nusu. Muda umepita. Wapeleke Bustani."

Watu walikuwa wanasikiliza. Daktari wa meno alikuwa ananitazama. Nikasema, "Nitakwenda mwenyewe nikatazame. Maji yakiwa yamelala, wanashuka. Yakiwa yameamka, tunageuza. Huo ni uchaguzi wa mtu, si wa kioo."

Nikapanda boti. Nilikuwa sijapanda tangu mwaka jana.

Tulifika saa tano na nusu. Kobe akapunguza injini. Nikasimama mbele, nimeshika chuma. Nikatazama Mlango. Sikuona mkunjo hata mmoja. Maji yalikuwa laini kama mafuta kwenye sufuria, rangi moja kutoka mwamba huu mpaka ule. Nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Yamelala. Kama kioo."

Kobe akasema, "Mzee, mimi naona mikunjo pale katikati."

"Wewe unaona usingizi wako."

"Naona na povu linatoka nje."

"Kobe, tazama usukani."

Binti alikuwa amepiga magoti, anamkazia mgeni mmoja mkanda wa mtungi, mgongo kwa maji. Akasema, "Baba, una uhakika?"

Nikasema, "Nina uhakika tangu hujazaliwa."

Hakutazama. Hilo nimelifikiria sana. Mtu wa kazi kama yake hutazama maji mwenyewe kwanza. Hakutazama kwa sababu nimesema mimi. Akaweka kipumulio mdomoni, akaanguka kinyumenyume, na wale wanne wakamfuata.

Kawaida unafuata mapovu. Nikamuuliza Kobe mapovu yako wapi. Akasema, "Hapo hapo, mbele yako." Nikasema nayaona. Sikuyaona. Kidogo akasema, "Yanakwenda." Halafu, "Yanakwenda mbio." Halafu akasema, "Mzee, siyaoni tena," na hilo ndilo neno la kwanza siku hiyo tuliloona sawa.

Mlango ukifunguka unatema nje, kwenye bahari kubwa. Kobe aliwasha injini akafuata povu. Simu alipigiwa akaita boti ya jirani. Nilikaa mbele nimefungua macho yote mawili kwa nguvu mpaka yakatoa maji. Niliona weupe wa jua na buluu. Kila kitu kilikuwa kama kimefunikwa na shuka iliyofuliwa. Nikasema kimoyomoyo ni ukungu. Saa sita mchana, mwezi wa nane, ukungu.

Saa saba kasorobo Kobe akapiga kelele. Kaona lile puto refu la rangi ya chungwa wanalolipuliza wakipotea. Akaninyooshea kidole. Nikatazama kidole. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtoto anayenyolewa, akakigeuza. Sikuliona mpaka tulipokuwa karibu kiasi cha kulitupia kamba.

Walikuwa watano, wameshikana mikono, binti katikati. Alipoona wanabebwa alikuwa amewakusanya, akawapandisha taratibu, akawafunga kwa kamba ya puto. Mmoja alitapika. Daktari wa meno alikuwa amepoteza kamera, alisema, "Sanduku lilifunga vizuri, Babu. Huko liliko halitalowa." Midomo yake ilikuwa inacheza.

Binti alipanda wa mwisho. Alivua mtungi, akaulaza, akafunga valvu, akakusanya mapezi ya kila mtu akayapanga mawili mawili.

Nilisema Kobe alichelewa kuwasha injini. Nimesema hivyo pale botini, nikarudia gatini. Kobe aliendelea kukunja kamba. Ndiyo tabia yake.

Tarehe 20

Sikwenda kwenye boya. Ubaoni hakuna maandishi.

Tarehe 21

Wote wananisalimia kwa adabu. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni. Simu kaniletea kiti.

Tarehe 23

Asubuhi binti amekuja chumbani, ameshika sahani. "Baba, twende kwenye boya."

Nikasema sijisikii. Akasema, "Sijakuuliza hali." Ana kichwa changu huyu.

Alipiga kasia mwenyewe. Kwenye boya akanipa kamba, akasogea kando yangu, akainamia maji. Nikamwambia kanuni yangu anaijua, watu wawili hawatazami. Akasema, "Leo wanatazama. Ukiacha kuiona, sema."

Nikashusha. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne ilianza kuyeyuka. Nikasema, "Basi. Imekwenda. Pima nne na nusu."

"Endelea kushusha."

"Imekwenda, mwanangu."

"Mimi naiona. Endelea."

Tano. Sita. Saba. Kila fundo likipita mkononi namtazama, na yeye anatazama chini. Kwenye kumi nikasema, "Unasema tu."

Akasema, "Kuna samaki mdogo wa manjano anadonoa ukingo. Rangi uliyopaka imebanduka upande mmoja, kama ukucha. Jiwe limegeuka, kamba yake imejifunga mara mbili." Akanisogezea kamba. "Endelea, Baba."

Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kwenye kumi na nne akasema, "Sasa imekwenda."

Nikavuta sahani. Nilipoipata mkononi nikaigusa ukingo. Rangi ilikuwa imebanduka upande mmoja. Jiwe limegeuka. Kamba imejifunga mara mbili.

Tulirudi. Alipiga kasia polepole kuliko alivyokuja.

Tarehe 23, jioni

Nimelifungua daftari hili tangu mwanzo. Nilimwita mke wangu anisomee, kwa sababu kurasa za mwanzo niliandika herufi ndogo na sasa sizioni. Hajui mambo ya maji, amesoma tu namba kama anasoma bei. Tano. Nane. Tisa. Tisa. Nane. Nane. Saba. Saba. Sita. Sita. Sita. Tano.

Akasema, "Hii mbona inashuka na mvua imekwisha?"

Nikamwambia geuza ukurasa.

Akaendelea mpaka pa rangi. Akasoma "Rangi za siku hizi hazina weupe," akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliweka daftari chini akaenda jikoni. Akarudi na chai, akaniwekea kikombe mkononi, siyo mezani. Nadhani amekuwa akifanya hivyo muda mrefu.

Tarehe 24

Nimekwenda kwa Kobe nyumbani kwake. Nikamwambia, "Siku ile uliona mikunjo."

Akasema, "Niliona."

"Na povu."

"Na povu."

Nikasema, "Haya." Akasema, "Haya, Mzee." Tukala miwa.

Tarehe 26

Nimehesabu alama upya, mke wangu amenisomea kila siku moja moja na nimetoa zile nilizojipa. Simu thelathini na moja. Mimi kumi na tatu. Nilipompa binti hesabu alisema mwezi wa tisa bado haujafika. Nikamwambia hesabu imefungwa.

Tarehe 29

Daktari wa macho ni kijana, amenifungulia kope kwa vidole baridi. Anasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeiva. Watalitoa mwezi wa kumi, moja kwanza. Akauliza, "Mzee, hukuona kama unaona vibaya?"

Nikamwambia nilidhani ni bahari.

Ameandika kitu.

Tarehe 1, mwezi wa tisa

Nimempa Simu chaki. Nimeiweka mezani mbele yake bila hotuba. Aliiangalia. "Mzee, msimu haujaisha."

"Andika."

Akaandika Ukuta, saa tatu. Mwandiko wake mbaya, umelala kama umechoka. Nikamwambia akunje mkono. Akaufuta akaandika tena.

Tarehe 6

Ukuta. Wageni wamerudi wawili kutoka kwa jirani.

Tarehe 7

Ukuta.

Tarehe 12

Simu alikuja nilipokuwa nakaza valvu za mitungi. Kazi hiyo inafanywa kwa vidole na sikio, mtungi unaovuja nausikia kutoka mlangoni, kijana gani ataweza? Akasema, "Kesho Mlango. Simu inasema maji yanajaa saa tano na robo. Naongeza arobaini?"

Nikafikiri. Nikamuuliza mwezi una umri gani. Akatazama simu yake. Akasema wa siku ya saba.

"Ongeza hamsini. Maji mafu, haya ya mwezi nusu, ni mavivu, ziwa linakunywa polepole. Na ukifika, tazama mwenyewe. Halafu binti atazame. Halafu Kobe atazame. Mmoja akiona mkunjo, mnageuza."

Akaandika yote hayo. Akauliza, "Na watatu wakiona maji yamelala?"

"Basi yamelala."

Tarehe 13

Wamerudi. Binti kasema walishuka saa sita na dakika tano, kimya kabisa. Hakuna aliyebebwa.

Tarehe 20

Daktari wa meno amepiga simu kwa binti, kauliza kama babu bado hajafa. Anakuja mwakani na kamera nyingine. Nimesema aje na unywele wake.

Tarehe 30

Mwisho wa msimu. Asubuhi tumekwenda kwenye boya, mimi, binti na Kobe. Sasa Kobe naye anaruhusiwa kuchungulia, na ameinama mpaka nusura aangushe kofia. Mimi nilishika kamba. Sahani nimeipaka rangi upya, wanasema inang'aa. Nilishusha fundo kwa fundo mpaka waliposema pamoja kwamba imekwenda.

Pima kumi na nne. Nimeambiwa.